Aliyetaka Maiti Ifunuliwe

Bukiriro, Ngara

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Tumemaliza kuvuna maharage, na mama yako amepona malaria.

Umeniuliza kuhusu yule mpiga picha wa zamani aliyefika India baada ya Waingereza kuwashinda Wahindi walioasi, akataka mifupa ya waliouawa itawanywe uani mwa jumba walimouawa ili picha yake ivutie. Mwalimu wako anasema tusimlaumu, kazi ya kupiga picha za vita ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nimekasirika hadi nimeshindwa kula.

Wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa Ngara, nilikuwa mama kijana, nikisaidia kuzika. Mwanamke mmoja alimfunika kwa kitenge mwanawe aliyefariki. Mpiga picha mgeni, aliyejua Kiswahili kidogo, akaniambia, "Mwambie amfunue mtoto, halafu alie tena."

"Siwezi kumwambia hivyo," nikamjibu.

Akainama akifunue kitenge mwenyewe. Nikasimama katikati yake na mtoto, tumbo langu likaziba kamera. Alinifokea kwa lugha yake. Yule mama alinishika mguu, hakuuachia mpaka mgeni alipoondoka.

Wale waliouawa India nao walikuwa na watu wao, ila siku ile hakuwepo wa kusimama mbele ya kamera. Mwalimu akiionyesha tena picha hiyo, mwambie hivyo.

Bibi yako,
Velediana