Sindano ya Tunduma

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bado. Nilidhani nikiamka leo itakuwa imekwisha. Wapi! Uchafu uleule wa njano, na harufu naisikia mwenyewe nikikaa. Nikienda haja ndogo nauma meno. Nimeoga asubuhi, nimeoga adhuhuri, nimejifukiza udi mpaka Evelyn, binti ninayeuza naye dukani, kaniuliza, dada Mgeni, leo kuna shughuli gani? Nikamwambia mume anarudi safari. Uongo. Abubakary yupo mjini, ni zamu ya bi mkubwa, yuko Magomeni.

Mteja wa vitenge kutoka Morogoro kasema, dada kaa basi tuelewane. Ningekaaje? Nikacheka tu, nimesimama.

Ni chango hili la uzazi. Au UTI. Nani hapa mjini hana UTI?

Jumatano, 6 Agosti

Nimefanya ujinga. Ndimu na chumvi kwenye maji ya vuguvugu, nikajisafishia ndani. Kelele nikazimezea kwenye kanga. Sasa ndiyo pamewaka moto kabisa.

Mchana nikaenda duka la dawa, lakini si la mtaani kwangu, nimevuka Msimbazi kwenda wasikonijua. Muuzaji kauliza nani anaumwa. Mdogo wangu. Anasikia nini? Nikamweleza kwa sauti ya chini, na nyuma yangu mtu anasubiri Panadol, sikio kalitega kama antena. Kanipa vidonge, akasema lakini huyo mdogo wako aende akapimwe, mama, yeye na mumewe. Kaniangalia usoni alipotamka "mdogo wako". Anajua! Nimetoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Duka nimefunga.

Kaja mama mmoja wa Ilala, binti yake anaolewa, anataka niwe somo wake. Kamsifia mwanawe, kanisifia na mimi. Eti kwako, somo, mtoto anatoka kafundika. Nimesema mgongo unanisumbua, sitaweza. Kaondoka kanuna. Nikakaa kitandani nikalia.

Nimewafunda maharusi wangapi! Kuoga, kunukia, kupika, kulala, kunyamaza. Sijawahi kumwambia hata mmoja: kabla ya ndoa mwende mkapime, wewe na yeye. Nilidhani maneno hayo ni ya wanawake wa baa. Na leo mimi ndiye ninayenuka.

Hata Husna, binti wa Abubakary, nilimfunda mimi. Bi Maimuna mwenyewe, mama yake, ndiye aliyenifuata nyumbani kuniomba. Siku za kwenda na kurudi Magomeni ndipo Abubakary akaniona. Mwaka jana akanioa, mke wa pili. Maimuna alituma sinia la biriani siku ya ndoa. Sijui alilipika na moyo gani.

Leo zamu yangu. Abubakary kafika baada ya magharibi, nikamwambia niko mwezini. Kasema haya, akageukia televisheni. Hakunitazama. Mbona wiki iliyopita nilimwambia hivyohivyo, naye hakushangaa?

Jumatatu, 11 Agosti

Vidonge vimekwisha, maumivu hayajakwisha. Jana nimeshikwa na homa, tumbo la chini linakata. Nikaogopa. Nikaamua: nitakwenda Kigamboni, huko sina mtu.

Nimevaa nikabu, mimi nisiyevaaga! Magogoni nimeingia kwenye pantoni ya kuvukia na umati, nikamkanyaga mwanamke mguu, nikasema samahani mwenzangu. Akageuka. Shikamoo somo! Hata ukijifunika sauti yako naijua! Bi harusi wangu wa mwaka juzi, mtoto mgongoni. Unaenda wapi? Msibani, nikasema. Jamani, nani kafariki? Mzee mmoja, humjui. Akainua mikono palepale kumwombea marehemu, na mimi ikabidi niinue yangu. Nimeua mtu ambaye hajazaliwa. Mungu anisamehe.

Zahanati ndogo, benchi refu. Kila aliyeingia niliinama kama natafuta kitu kwenye pochi.

Daktari kijana, anaitwa Anaeli. Shikamoo mama. Marahaba. Umri wa mwanangu, kama ningejaaliwa. Nikamwambia nina chango. Akaweka kalamu chini. Hakucheka, hakuharakisha. Akauliza: unatoka uchafu? Rangi gani? Unapata damu baada ya kukutana na mumeo? Nilijibu naangalia ukuta. Kwenye ukuta bango la chanjo, nimelihifadhi lote.

Muuguzi, mama wa makamo, kanipima kitandani nyuma ya pazia. Alipoona nilivyojichoma kwa ndimu kasema pole, tena kwa upole, ndipo machozi yakanitoka. Akasema ndani hakuoshwi na kitu, hata maji matupu, kunajisafisha kwenyewe. Mimi somo! Naambiwa!

Anaeli kasema inaonekana ni kisonono, na mara nyingi kinatembea na klamidia, kwa hiyo atatibu vyote pamoja. Kinapatikanaje? Kwa kujamiiana, mama. Si choo, si maji, si kurogwa. Nikikaa nacho tu nikakiacha, kinapanda kwenye kizazi, na homa na tumbo ndiyo dalili kwamba kimeanza kupanda. Kanichoma sindano, kanipa na vidonge vya kumeza mpaka viishe, hata nikipata nafuu. Kanipima kaswende na VVU. Ile dakika ya kusubiri kikaratasi! Nilisoma kila sura ninayoijua. Majibu, hakuna kitu. Ila nirudi baada ya miezi mitatu nipime tena, ndipo nihakikishe.

Kisha akasema: mumeo naye lazima atibiwe, au atakurudishia. Na hadi wote mmalize dawa, msikutane. Baadaye ikibidi, kondomu. Akanipa pakiti, nikaidaka kama kaa la moto.

Mumeo ana mke mwingine?

Mimi ndiye mwingine, nikasema.

Akasema basi na yeye aje. Mwanaume huwa anaona dalili mapema, anaungua. Mwanamke anaweza kukaa nacho muda mrefu hajui lolote, na kinamla.

Jumanne, 12 Agosti

Nafuu kidogo. Mchana nimekula.

Nimejaribu kumwambia Abubakary kwenye simu. Nikaishia kumuuliza kama atapenda samaki.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia.

Alikuwa anakunywa chai, saa kumi hivi, kaja mapema kutoka dukani kwake. Nikasema, Baba Husna, nimekwenda hospitali, nina kisonono, na wewe unatakiwa ukatibiwe. Nilivyojizoeza ilikuwa ndefu na yenye heshima. Imetoka hivyo, kavukavu.

Kwanza kaniuliza nani kakupa. Nani! Nikasema tangu nimeolewa na wewe sijui mwanaume mwingine, naapa. Akasema wanawake wote wanaapa. Akasema mwanamke wa dukani, wa kupokea wateja siku nzima, nani atamjua? Nilisikia uso unawaka. Na kwa dakika nzima, nilijiona nina kosa. Nilianza kukumbuka kila mteja niliyemchekea.

Nikamwambia, haya, niseme nimekosa. Wewe twende tu ukapime.

Akasema, mimi nipime nini? Mimi yangu yalishapona. Nilichoma sindano Tunduma.

Akaitazama chai yake.

Tunduma, kule mpakani, alikwenda na mzigo kabla ya Idd kubwa. Kumbe aliungua, akaona, akatafuta sindano, akapona, akapanda basi akarudi kwetu wawili na zawadi za mchele! Hakusema neno. Nikauliza, uliyapata wapi? Akasema safari ni safari. Nikauliza, na sisi je? Akasema alidhani wanawake tukiwa nayo tungesema.

Nikasema Bi Maimuna lazima ajue. Hapo ndipo aliposimama. Maneno yake haya: siku ukifungua mdomo kwa Maimuna, hesabu huna mume.

Kaondoka. Chai kaiacha.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijafungua duka mpaka saa tano. Evelyn hakuuliza kitu, kaniletea uji. Siku nzima nimefikiria: nikiachika watasema nini Kariakoo nzima? Somo kaachwa. Kwa nini? Na hawatakosa kujua.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nimepona. Ningeweza.

Ningeweza!

Jumatatu, 18 Agosti

Naandika nipo kwenye benchi, Kigamboni.

Asubuhi nimekwenda Magomeni. Niliganda mlangoni mpaka jirani akaniuliza kama nimepotea. Bi Maimuna kafungua mwenyewe. Shikamoo dada. Marahaba somo, karibu. Mpaka leo ananiita somo, hajawahi kuniita mke mwenza.

Tumekaa. Kaleta maji. Amepungua. Nikasema, dada, nimekuja na jambo la aibu, na aibu ni yangu, naomba unisikilize mpaka mwisho. Nikasema yote. Uchafu, ndimu, zahanati. Sikumtazama, nilitazama kucha zangu.

Akasema: kabla yako nyumba hii haikuwa na maradhi.

Nikasema ndiyo, dada. Neno lile, lilinistahili au halikunistahili, nililipokea. Akasema tena, nilikuita umfunde mwanangu. Nikasema ndiyo.

Nikataka kuondoka. Nikafika mlangoni. Nikaona nikiondoka hivi nimefanya nusu ya kazi, atabaki anaamini mimi ndiye niliyeleta, hatakwenda popote, atanilaani tu huku kinamla. Nikageuka nikasema na lile la sindano.

Lini? akauliza.

Alipokwenda Tunduma. Kabla ya Idd kubwa.

Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema polepole, kama anajisomea:

"Idd nilikuwa nimelala. Tumbo. Homa. Nikasema ni umri huu. Baba Husna alikuwa ananikanda kwa maji ya moto. Mwenyewe. Anachemsha, anakamua kitambaa, ananiwekea hapa, anasema pole mke wangu. Nikawa namwombea dua."

Akashika pale tumboni.

"Alikuwa anajua, Mgeni?"

Mara ya kwanza kunitaja jina. Nikainamisha kichwa.

Akaingia chumbani. Nilisikia kabati linafunguliwa. Nikajua anatafuta cha kunipigia. Katoka na baibui, kavaa, mkoba begani. Akasema, huko hospitali yako ni mbali? Nikasema tunavuka. Akasema twende kabla sijaanza kuona aibu.

Kwenye pantoni alishika chuma kwa mkono mmoja, na mwingine akashika kiwiko changu. Sijui kama alijua kakishika.

Sasa yuko ndani kwa Anaeli. Muda mrefu. Mlango umefungwa. Muuguzi ameingia na beseni, hajatoka. Mkoba wake kaniachia mimi nimshikie, na simu iko humo ndani.

Inaita. Baba Husna.

Imekata. Inaita tena. Watu kwenye benchi wananiangalia, mama mmoja kasema pokea basi, pengine kuna shida nyumbani.

Nimeitoa. Iko mkononi, inatetemeka. Sasa na yangu inaita, huyohuyo, yule jirani atakuwa kamwambia —