Kifuniko cha Samaki Wako

Mama Mwende,

Huku tuko sawa. Mahindi imekubali mwaka huu, na mjukuu wako ameanza kutembea. Kitu ya kwanza kukimbilia ni tangi lako la samaki. Anagonga kioo na kijiko, namwambia, "Wacha, utawashtua waruke," halafu nashangaa, hiyo ni sauti yako imetoka kwa mdomo wangu.

Sasa wacha niseme. Niko na kitu nimekaa nayo sana.

Unakumbuka ukilazwa hospitali? Ulinikumbusha samaki kuliko dawa zangu za presha. "Maji isijae mpaka juu, acha nafasi ya kiganja. Usiwashe taa ghafla, fungua pazia kwanza. Yale majani yanaelea usitoe, ndiyo wanajifichia. Na kifuniko, Baba Mwende! Ile samaki ya rangi ya fedha inaruka." Nikasema ndiyo, ndiyo.

Mwewe akaanza kubeba vifaranga. Nikaangalia kifuniko chako, fremu ya yule fundi wa Wamunyu, wavu umekazwa vizuri, nikaona kinatoshea sanduku la vifaranga sawasawa, nikakibeba. Nitakirudisha jioni, nikasema. Kwani samaki iruke iende wapi, na maji yake iko hapa?

Jumapili akina mama wa kanisa wakaja kukuombea. Unawajua: wimbo wa kwanza kayamba, wa pili miguu, wa tatu nyumba yote inatingika. Maombi yakaanza. Mama Kioko amefumba macho, anakemea magonjwa, samaki ikaruka ikamwangukia mapajani. Aiya! "Shindwa!" Akairusha chini ya kochi. Wengine wamefumba macho, wakaitikia "Shindwa!" kwa nguvu zaidi. Mimi niko magotini natafuta samaki, nasikia mmoja anasema, "Angalia vile mzee anamwombea bibi yake."

Lile kochi unajua ni zito. Tulipolisogeza, ilikuwa imekufa.

Sikukuambia. Nilienda Nairobi, nikazunguka mpaka nikapata ingine ya kufanana. Ukarudi nyumbani, ukainama kwa kioo. "Hii imenenepa. Umekuwa ukiilisha nini?"

Nikasema ugali.

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Halafu ukainua kifuniko, ukatoa kinyoya cha kifaranga kilikuwa kimenasa kwa wavu, ukanitilia kwa mfuko wa shati. Ukaenda kupika chai. Hukuniuliza siku hiyo, na hukuniuliza mpaka ukatuacha.

Mama Mwende, ni mimi niliiua. Ile yako ilikuwa inafuata kidole chako kwa kioo, na hii ya pili haikuwahi kukufuata, na wewe bado ulikuwa unaweka tu kidole. Hiyo ndiyo inaniuma. Nisamehe. Nisamehe pia zile ndiyo zote nilikuwa nakuambia na sisikii.

Hii ya pili bado iko, mnene kweli. Pale bomba ya hewa inapitia kwa kifuniko nimeziba na sponji, kwa sababu niliikuta inaangalia hiyo nafasi kama mtu anapima mlango. Vifaranga nimewanunulia wavu wao. Na utacheka: Mama Kioko ameweka samaki! Eti tangu siku ile alikuwa anawaza juu yao. Nilimpelekea kifuniko hata kabla hajamwaga maji kwa tangi, nikampa masharti yako yote, mpaka ya pazia. Akaniangalia. "Baba Mwende, na hii yote ulifundishwa na nani?"

Nilijifanya nakaza msumari.

Kila jioni ulikuwa unaniuliza, hata kabla uulize kama mlango umefungwa, "Umefunika?" Na mimi najibu nikiwa nimekaa. Siku hizi nasimama, naenda, naweka mkono juu ya wavu, ndiyo najibu. Nitaendelea hivyo mpaka tuonane, na huyu mjukuu wako nitamfundisha, akiacha kijiko.

Pumzika, mpenzi wangu. Nimefunika.

Baba Mwende