Kompyuta Uliyonikataza Kugusa

Baba Kamau,

Nimeifungua. Nakuambia mapema ili usisome barua yote ukiwa umeshika kifua. Ile kompyuta yako nimeifungua kwa bisibisi mchana kweupe, nikaingiza mkono ndani, na haikulipuka. Hata barua hii naiandika kwa hiyo hiyo, kwa vidole viwili, na kama kuna neno nimekosea utanisamehe, maana wa kunisahihisha alituacha miaka miwili sasa.

Nakumbuka siku uliyoileta. Tulikuwa bado tunaishi Thika, na ulikuwa umebakisha muhula mmoja ustaafu ualimu. Uliinunua kwa Zainab, yule fundi wa kike mwenye kibanda karibu na stendi, ukaipakia kwa mkokoteni, na njia nzima ukatembea kando yake ukimfokea mwenye mkokoteni apunguze mwendo. Uliiweka kwa ile meza ya kona. Mimi nikashona kitambaa cha kufunika monita. Ukakitazama, ukakinyoosha pembe, ukasema, "Asante sana, Mama Kamau. Lakini usiguse. Hii si sufuria."

Nilicheka. Siku hizo nilikuwa nacheka tu. Mimi niliyeendesha mashine ya kusokota nyuzi miaka kumi na tisa, naambiwa nisiguse na mwanaume asiyeweza kubadilisha balbu bila kuniita nimshikie stuli! Nilipaswa kukujibu siku ile ile. Sikukujibu, kwa hivyo najibu leo.

Lakini sitasema uongo, zile saa kumi za jioni zilikuwa tamu. Wewe upande ule wa monita na miwani yako kwenye ncha ya pua, mimi upande huu na karai la minji mapajani. Mimi naambua na kusimulia, wewe unaandika. Nilianzia Kalimoni kwa mama yangu, nikaja kiwandani Thika, nikafika siku ile ulikuja kuuliza njia ya posta na ulikuwa unaijua. Ulipenda kukiita Kitabu cha Mama Kamau. Ukiandika mstari mzuri ungeusoma kwa sauti ya darasani, halafu unaniuliza, "Ni hivyo?" Nami nasema ni hivyo, endelea. Hukuwahi kuchapisha hata ukurasa mmoja. Ulisema tutachapisha kikiisha. Kabla kiishe, ukaisha wewe.

Basi nisikilize sasa. Jumapili iliyopita Kamau alinihamisha. Amenijengea chumba nyuma ya nyumba yake hapa Mugutha, Ruiru, chumba kizuri chenye dirisha na maji ndani, na Mungu ambariki. Lakini huyu mtoto wako ana haraka. Ile CPU, sanduku lenyewe, aliirusha nyuma ya pikapu kati ya gunia la viazi na jiko langu la makaa, tukaja nayo hadi Ruiru inaruka ruka kila tuta. Alipomaliza kuunganisha nyaya akabonyeza swichi. Feni ikaunguruma. Taa ya kijani ikawaka. Monita ikaandika vile viherufi vyake kwamba haipati ishara, halafu giza, na taa yake ikabaki ya rangi ya chungwa ikipepesa.

"Mum, hii imekufa," akasema. "Nitakuletea laptop."

"Na kitabu changu?"

"Kitabu gani?"

Woi, Baba Kamau. Kumbe hukumwambia! Mtoto wetu wa kwanza hakujua kwamba maisha ya mama yake yako ndani ya hiyo sanduku. Nilipomweleza akanishika bega, akaniambia nisijali, nitasimulia tena naye atarekodi kwa simu. Hapo ndipo nilikasirika. Nilimwambia mdomo unaosema leo si ule uliosema na baba yako. Wale wanawake wa zamu yangu walikuwa kumi na mmoja, na sasa nikiwahesabu usingizi ukikataa nafika saba peke yake. Nyambura namkumbuka, Mueni namkumbuka, Halima namkumbuka na kucheka kwake. Wengine nabaki na uso bila jina. Nitasimulia nini tena? Yaliyobaki yalikuwa humo ndani, basi.

Akaita fundi wa hapa karibu, kijana nadhifu. Alisimama mlangoni, akaitazama mara moja, akasema, "Motherboard imeenda. Tupa." Nikamuuliza, umeifungua? Akasema hakuna haja, hizi za zamani ziko hivyo. Kamau akamlipa kwa kusimama mlangoni, na akapigia simu mtu wa skrapu aje Jumamosi aichukue pamoja na mabati yaliyobaki.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Haiya, nikajiambia, hata mimi ni wa zamani. Wakimaliza na hii watapigia nani?

Alhamisi wote wakienda kazini nilimpigia Zainab. Namba yake ilikuwa kwenye kile kijitabu chako, chini ya jina "Daktari". Nilimwambia nakuja Thika na CPU kwa boda. Alipiga kelele.

"Shosho, usithubutu! Ukiirusha kwa boda tena utamaliza kile kimebaki. Mwalimu alikuwa ananiletea kwa blanketi. Weka simu spika, ukae hapo mbele yake. Monita inasema nini?"

Nikamwambia inasema haipati ishara.

"Basi monita ni mzima. Maiti haiongei. Sasa angalia nyuma ya CPU. Kuna mashimo mangapi ya buluu?"

Nilipiga magoti, nikawasha tochi. Mawili. Moja juu, limesimama. Moja chini, limelala. Waya wa monita ulikuwa kwa lile la juu.

"Nani aliweka hapo?"

"Kamau."

"Kamau ana digrii ya nini?"

Tulicheka, Baba Kamau, mimi nikiwa chini ya meza na vumbi puani. Akanieleza kwamba lile la juu halifanyi kazi, kwamba alikuwekea kadi ya picha wewe mwenyewe ukilalamika herufi ni ndogo, na waya unafaa kuingia kwa lile la chini. Nikauhamisha. Nikawasha. Giza.

Nitakuambia ukweli, hapo niliona aibu. Nilikusikia kabisa nyuma yangu: nilikwambia usiguse. Nikanyamaza. Zainab naye akasema, "Nyamaza hivyo hivyo, usikilize. Inalia?"

Ilikuwa inalia. Mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya. Ilikuwa inalia kila ikiwashwa tangu Jumapili na sisi wote tulidhani ni kengele za mageti ya majirani. Zainab akafurahi kama ameambiwa amepata mjukuu. Alisema kompyuta ikilia namna hiyo haijafa, inasema mahali inaumwa. Memori imelegea huko ndani kwa zile matuta zenu. Itabidi uifungue, shosho.

Nilimwambia, mwalimu hakutaka niguse.

"Mwalimu alikuwa rafiki yangu," akasema. "Lakini wewe ndio uko na bisibisi."

Basi nikafanya kama nilivyoambiwa. Nilizima kwa ukuta, nikachomoa waya wa stima, nikabonyeza swichi ya mbele ili umeme uliobaki uishe. Nikatoa skurubu mbili za nyuma, nikasukuma ubavu wake, ukatoka. Ngai! Vumbi ilikuwa imelala humo kama pamba ya kiwandani. Miaka yote hiyo ulikuwa unapangusa nje kwa kitambaa changu, na ndani hujawahi kuona. Nilileta ile brashi ndogo ya kupaka rangi, nikafagia feni taratibu. Kisha nikagusa chuma cha sanduku kama alivyosema Zainab, ili mwili wangu usiipige shoti, nikatafuta kile kijiti kirefu cha memori chenye meno ya dhahabu. Nikasukuma vishikizo vya pande mbili. Kikaruka juu chenyewe.

Niliyasugua yale meno kwa raba ya shule ya mjukuu wako, polepole, hadi yakang'aa. Mikono yangu unaijua. Imefunga nyuzi zilizokatika mashine ikiendelea kuzunguka, na hakuna kidole nimepoteza. Nikakirudisha kwa mfereji wake, nikakandamiza kwa vidole gumba viwili, na hapo niliogopa, maana kinataka nguvu kuliko unavyodhani. Kikasema ta! upande huu, na ta! upande ule.

Nikawasha. Mlio mmoja mfupi. Halafu maandishi.

Nilipiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Skrini yote ilikuwa ya waridi, kama ufizi wa mtoto, na Zainab akasema hiyo ni waya haijakaza, zungusha zile skurubu zake mbili. Nikazungusha, rangi zikarudi mahali pake. Ikaniambia saa yake imepotea, ikadai tuko mwaka ambao wewe ulikuwa bado unabishana na daktari kuhusu chumvi. Zainab akasema ni kabetri kadogo kama shilingi kameisha, nitanunua baadaye, kwa sasa bonyeza F1 uingie. Nikabonyeza F1, nikaingia.

Na kitabu kilikuwapo. Nilivuta kiti, nikaweka miwani yako, maana yangu haisomi karibu, nikaanza mwanzo. Mama yangu yuko pale akichuma kahawa. Nyumba yetu ya kwanza iko pale na lile paa lililotuaibisha mbele ya wageni. Nililia, sitaficha. Kisha nikafika kiwandani, na majina yako pale, yote kumi na moja, umeyapanga kama rejista ya darasa. Wairimu! Wairimu alinitoka kabisa, na wewe ulimweka. Atieno wa mlango wa pili. Nilikubariki kwa sauti.

Chini ya majina hayo nikasoma mstari huu: "Mama Kamau na wenzake walifanya kazi kwa bidii na utiifu."

Utiifu.

Ai, Baba Kamau! Ile siku nilikusimulia, nilikusimulia vizuri, minji ikaisha karaini na bado nasema. Msimamizi alikuwa anatufungia mlango kwa kufuli zamu nzima, na Mueni alipozimia kwa joto tuligonga hadi mikono ikavimba na ufunguo ulikuwa umeenda chakula. Kesho yake nilikaa chini sakafuni mbele ya mashine yangu. Nikawaambia wanawake, leo hakuna anayesokota hadi ile kufuli itoke. Wakakaa mmoja mmoja. Halima alikuwa na mimba ya miezi saba na alikaa. Tulikaa siku mbili, na kufuli ikatoka, na haikurudi siku zote nilizofanya kazi pale. Nilipokusimulia hayo, vidole vyako vilisimama. Uliniuliza, "Lazima tuandike hiyo? Wajukuu watasoma. Watu wa kanisa watasoma." Nikasema lazima. Nikasikia unaandika. Mimi nilikuwa upande huu wa monita, sikuona.

Kumbe ndiyo sababu nisiguse?

Pengine sivyo. Najua uliogopa kwa ajili yangu zaidi ya kujiogopea. Ulikuwa mwalimu, uliishi kwa kuogopa wakaguzi, na ulinipenda, na ulitaka wajukuu wawe na nyanya mpole. Nimewaza hayo yote kwa siku mbili na bado nimekasirika. Nakupenda na nimekukasirikia, na haya mawili yamekaa kifuani mwangu pamoja bila kugombana. Hukuwa na haki. Ile ndiyo siku niliyokuwa mtu kamili, na wewe ukaipangusa kwa neno moja.

Kamau alirudi jioni akakuta skrini inawaka. Akauliza ni fundi gani alikuja. Nikamwambia fundi ni mimi, na waya wa monita unaingia shimo la chini. Akakaa kwa kitanda changu akasoma hadi chai ikapoa. Leo mtu wa skrapu amekuja, nimempa mabati. Alipoinyooshea kompyuta kidole nikamuuliza kama nyumbani kwao hakuna mama.

Sasa ni saa nne asubuhi. Watoto wako nje. Nimefungua ukurasa ule, nimeweka kile kijistari kinachopepesa mwisho wa neno lako, na nimebonyeza kifutio mara moja kwa kila herufi, taratibu, ili unisikie. Herufi sita, kisha ile "na" iliyobaki ikining'inia. Mahali pake nimeandika: "Tulikataa. Tulikaa chini siku mbili, na mlango ukafunguliwa." Imenichukua karibu nusu saa. Nimeisoma kwa sauti yako ya darasani, nikajiuliza, ni hivyo? Nikajijibu ni hivyo.

Pumzika, mwalimu. Mengine yote uliyoandika nimeyaacha kama yalivyo.

Mke wako, asiye mtiifu,

Mama Kamau