Kurasa Thelathini na Saba

Njiro, Arusha
Alhamisi, 14 Septemba 2006

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa mzima wa mwili, na naomba barua hii ikukute goti limepata nafuu, maana Jumapili nilikuona unavyopanda ngazi za kanisa kwa kushikilia ukuta ukidhani hakuna anayekutazama. Dawa niliyokuachia ni ya kupaka asubuhi na jioni, si siku unayoumwa tu. Vipi ng'ombe, ameshazaa? Na baridi ya huko juu imepungua? Huku Njiro ni vumbi na upepo. Mlima tunauona asubuhi tu, mawingu yakishaufunika basi tena mpaka kesho.

Najua utashangaa kuletewa barua na mdogo wangu Diana wakati mimi nilikuwa hapo nyumbani siku nne zilizopita, na simu ipo. Baba, Jumapili nilikuja na jambo la kukuambia. Nilikaa nalo ibadani, nikakaa nalo tulipokuwa tunakula loshoro, ukanisindikiza nalo mpaka barabarani, nami nikapanda gari nikarudi nalo mjini. Kwa hiyo nimeliandika. Lisome ukiwa peke yako, mpaka mwisho.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kukueleza vizuri. Unajua kikundi cha kahawa alichokuwamo Mama kina tovuti, ile ambayo watu wa mbali wanaifungua kwenye kompyuta. Humo mlikuwa na kurasa thelathini na saba, kila mkulima na ukurasa wake: picha yake, na chini yake maneno yake mwenyewe. Maneno hayo aliyakusanya Mwalimu Kaanaeli alipokuwa katibu wa kikundi. Alipanda na kushuka vilima hivyo karibu mwaka mzima na daftari lake, akikaa jikoni kwa kila mtu, akiandika alichoambiwa bila kuongeza.

Mbali na tovuti hiyo, kikundi kilikuwa na duka la mtandao, ambalo lenyewe liliwekwa mahali pengine kabisa. Mteja alisoma habari za mkulima huku, kisha ilibidi aende kule kutafuta kahawa, asijue ipi ni ya nani. Kikundi kikaja ofisini kwetu, tunakotengeneza tovuti, kwa bosi wetu, Ludovick, kuomba vitu hivyo viwili viunganishwe, ili anayesoma maneno ya mtu anunue kahawa ya mtu huyohuyo palepale. Ludovick akanipa mimi kazi hiyo. Alisema hakuna mwingine ofisini anayewajua watu wale kwa majina na kwa sura. Nilifurahi, Baba. Nilijiona narudi nyumbani na kitu mkononi.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Ludovick aliniambia jambo moja kabla sijaanza: nitoe kwanza nakala ya kila kitu, niiweke pembeni. Ijumaa akaniuliza kama nimeshatoa. Nilimjibu kwamba tayari. Sikuwa nimetoa. Nilikuwa na haraka, wageni wanunuzi walikuwa wanakuja Jumatatu, na nilijiambia nitaitoa nikishaona kama njia yenyewe inafanya kazi.

Kule dukani kila mfuko wa kahawa ulikuwa na nafasi ya maelezo, lakini nafasi hizo zilikuwa tupu, kwa sababu maneno yote yalikuwa kwenye tovuti. Nilitakiwa kuamuru maneno yatoke kwenye tovuti yaende dukani. Mimi nikakosea upande. Nikaamuru duka liipelekee tovuti. Ule utupu wa dukani ukaingia kwenye kurasa zote, mmoja baada ya mwingine, ukafuta kilichokuwamo. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nikakuta picha inanitazama, na chini yake hakuna neno. Nikafungua wa pili, wa tatu. Wa Mama ulikuwa wa kumi na tisa.

Nilipaswa kumwita Ludovick. Nilipaswa kumtafuta Mwalimu Kaanaeli, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia kwa binti yake, kule Kikatiti. Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu ningetakiwa kusema kwamba nilidanganya kuhusu nakala. Jumamosi na Jumapili nilikaa ofisini nikaandika upya. Nilijiambia hawa ni shangazi zangu na mama zangu wadogo, nimekua machoni pao, nayajua maisha yao. Nikaandika jinsi ninavyojua wanazungumza. Mengine niliyakumbuka nusu, mengine niliyatunga. Jumatatu wageni walisoma, wakasifu, na mmoja wao alitokwa na machozi. Ludovick akanishika mkono mbele ya wenzangu.

Nilikaa hivyo miezi minne, Baba, nikila na kulala.

Mwezi wa saba alikuja ofisini Mama Sifael, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Alikuwa ameshuka Usa River na mjukuu wake, wakaingia intaneti kafe kuuona ukurasa wake, na mjukuu akamsomea. Kutoka pale alipanda gari mpaka mjini, akaulizia njia mpaka Njiro, hata alipoingia getini kwetu viatu vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Hakukaa kitini. Hakupokea maji. Aliniuliza kwa utulivu nani aliandika maneno yale. Nikaanza kumweleza mambo ya mitambo. Akanikatiza.

"Violet," akasema, "umemzika mume wangu."

Nilikuwa nimeandika "marehemu mume wangu", kwa sababu sote kijijini tunamhesabu kuwa ni marehemu tangu alipokwenda Mererani kwenye machimbo mwaka tisini na saba asirudi. Yeye hakumwambia Mwalimu hivyo. Alimwambia kwamba mume wake yuko safarini. Miaka tisa hajafanya matanga, hajagawa nguo zake. Na mimi nilimfanyia mazishi mbele ya dunia nzima kwa maneno matatu, huku nikiweka jina la Mama Sifael chini kana kwamba ndiye aliyesema.

Siku hiyo nilimwambia ukweli, yeye wa kwanza. Alinitazama, akatoka bila kuaga. Kesho yake nikamwambia Ludovick. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alisema kosa la kufuta angelisamehe siku ileile ya Ijumaa, kwa kuwa hata yeye amewahi kufuta kazi ya watu. Akanituma nikamtafute Mwalimu, na akaniambia nisiguse kazi nyingine ya kikundi mpaka nimalize hiyo.

Mwalimu Kaanaeli haoni vizuri siku hizi, ndiyo maana hakuwahi kugundua. Nilimkuta Kikatiti barazani kwa binti yake, nikamsomea kurasa tano za kwanza jinsi nilivyoziandika. Alikunja uso tangu mwanzo. Nilipomaliza akaniuliza kwa hasira kama nadhani alizunguka vilima vile kwa kukosa shughuli. Kisha akasema nimeandika vizuri kuliko yeye, tatizo ni kwamba mimi sikuulizwa. Daftari analo, Baba. Limekuwa ndani ya sanduku lake muda wote huu, safari ya chini ya saa moja kutoka ofisini kwetu.

Alikataa litoke nyumbani kwake. Nimekwenda Jumamosi saba nikinakili kwa mkono. Na alinipa sharti: nisirudishe neno lolote kwenye tovuti kabla sijamsomea mwenyewe na kumwomba radhi ana kwa ana. Ndiyo maana miezi hii umesikia napita nyumba za watu huko juu, ukadhani ni mambo ya kikundi. Wapo waliocheka. Bibi mmoja aliniambia niyaache yangu, kwamba nimemfanya msomi. Wapo walionifukuza nikarudi mara ya pili. Mama Sifael alinisikiliza akiwa anapukuchua mahindi, na nilipofika pale panaposema "mume wangu yuko safarini" aliacha kupukuchua, akasema sasa sawa.

Nimewafikia thelathini na sita. Aliyebaki ni Mama.

Baba, sasa nafika kwenye lile lililonishinda Jumapili. Ile karatasi iliyosomwa kanisani mwezi wa nne, kwenye ibada ya kumkumbuka Mama, ambayo Diana aliichapa kutoka kwenye tovuti bila kujua, na ambayo wewe unaiweka ndani ya Biblia yako, si maneno ya Mama. Ni yangu. Pale paliposomwa kwamba ulipong'oa kahawa yake alikusamehe siku ileile kwa kuwa moyo wake haukuona kosa, ni mimi niliyeandika, Jumapili ile alasiri ofisini, kwa sababu ndivyo nilivyopenda iwe. Nilikuona ulivyoinama kwenye benchi, mabega yanatikisika. Nilikaa nyuma yako safu mbili na sikusimama. Tangu hapo nimekusikia ukiwasomea wageni mstari huo, na kila mara nimenyamaza.

Haya ndiyo maneno yake kama yalivyo daftarini. Nimeyanakili neno kwa neno:

"Bei ilipoanguka na wanunuzi wakawa wanakuja na kila mtu bei yake, mume wangu aling'oa kahawa yangu yote ili apande nyanya. Nilikuwa nimekwenda kumuuguza dada yangu. Niliporudi nilikuta mashimo. Sikusema neno. Watu walisema mimi ni mvumilivu. Sikuwa mvumilivu, nilikuwa na hasira, na nilikaa nayo miaka sita. Nilimpikia, nilimfulia, lakini sikumsimulia kitu cha moyoni. Mwaka wa saba akaleta miche ishirini kutoka kwenye kitalu, akachimba mashimo mwenyewe siku tatu. Hakuniomba radhi, nami sikumdai. Siku ya tatu nilimpelekea mtindi shambani, nikakaa naye pale chini mpaka akamaliza kunywa. Nikamwambia mche wa mwisho ameupanda vibaya. Akaung'oa, akaupanda tena. Kahawa hii ni ile."

Nimeisoma mara nyingi. Sikujua kuhusu miaka hiyo sita, na tulikuwa nyumba moja. Nimekunyang'anya faraja yako, Baba, najua, na mwanzoni nilikuwa nimekunyang'anya sauti yake. Sina la kujitetea. Nakuomba radhi.

Maneno yangu nimeyaondoa kwenye ukurasa wake tangu Jumatatu. Sasa ipo picha yake na jina lake tu. Yeye siwezi kumsomea na kumuuliza, na aliyezungumziwa humo ni wewe. Ukitaka haya yasomwe na watu, nitayaweka jinsi alivyoyasema. Ukitaka yabaki kwenu wawili, picha itabaki peke yake.

Nisalimie mzee Nathanaeli na wote wa usharika, na bibi mwambie miwani yake iko tayari, Diana anayo. Nawatakia wote huko juu amani na mvua za vuli zenye kiasi.

Jumapili nitashuka Usa River saa nne asubuhi, nisimame upande wa njia ya kupandia kwetu. Kama hutaki nipande, mtume Diana aniambie. Nitarudi mjini na sitanung'unika.

Ni mimi binti yako,
Violet