Kiuno cha Kaka Nilichokificha

Chumba cha cherehani,
Ghorofa ya chini, mlango wa nyuma,
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakidanganya kwa chai ya moto na kukiita mafua tu? Mkeo hajambo? Na wanao, bado wanakimbia viatu? Sisi huku ni wazima wa kuombea. Mama anatembea, anakula na analalamika, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mimi mwili hauna neno, ila roho haitulii. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu, maana kwenye simu ungenikatiza na mimi ningepata kisingizio cha kunyamaza.

Hii ni mara ya tatu naianza barua hii tangu asubuhi. Mara mteja kaingia, mara nimeinuka kuzima pasi ambayo nilikwisha kuizima. Nakwenda dirishani, narudi, nakaa, nainuka. Basi niseme kabla sijainuka tena. Nimemdanganya Kaka Mkubwa miaka minne, uongo wenyewe unataka kumharibia afya, na tangu Ijumaa nilipomwambia ukweli hajasema nami hata neno.

Ilianzia kazini kwake. Unajua fundi wa lifti kuna wakati lazima apande juu ya chumba cha lifti kupitia kile kitundu cha darini. Mwezi uliopita, kwenye jengo la ghorofa nane, Kaka alipita nusu. Kichwa na mabega juu, miguu inaning'inia ndani. Wenzake wawili walimsukuma, ikashindikana, wakamvuta kurudi chini huku wapangaji wamejazana mlangoni wanangoja kupanda. Alipotoka alisema lifti za siku hizi wanaziwekea vitundu vidogo. Lifti ile anaihudumia mwaka wa kumi na moja!

Tulicheka, nisikufiche. Wifi Mwalimu alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akasita, akaniambia pembeni kwamba siku hizi Kaka anahema hata akiwa amekaa, na akifunga kamba za viatu lazima apumzike kati ya kiatu na kiatu. Tukamlazimisha aende kupimwa. Wifi alikuwa anasimamia mitihani, kwa hiyo nikamsindikiza mimi.

Daktari ni binti mdogo tu, sauti ya chini, lakini si wa kupindishwa. Presha imepanda. Ini lina mafuta. Mizani ikasema kilo mia moja na tisa. Akauliza kama huo ndio uzito wake wa siku zote au umepanda miaka ya karibuni. Kaka akajibu bila hata kufikiri: "Mimi sijanenepa, daktari. Suruali hii nimeshonewa na dada yangu huyu miaka minne iliyopita, na naivaa mpaka leo. Muulize mwenyewe."

Daktari akanigeukia. Nami nikaangalia viatu vyangu. Akaandika.

Mdogo wangu, hapo ndipo nilipojichukia. Alikuwa anasema kwa moyo mweupe kabisa, na shahidi wake ni mimi. Kila baada ya miezi michache Kaka huniletea suruali zake, ananiambia zimesinyaa kwa kufuliwa. Nami humjibu ndiyo, vitambaa vya siku hizi havina adabu. Akiondoka nafumua mshono wa nyuma, naachia. Huwa naacha akiba ya vidole vitatu ndani ya mshono. Akiba ilipokwisha, nikapachika kipande cha pembetatu chini ya mkanda pale pasipoonekana. Kipande kiliposhindwa, nikatia mpira ubavuni. Napiga pasi vizuri, namrudishia, anavaa, anajipiga tumboni na kusema, "Unaona? Ileile!"

Unajua tunavyofanya sisi wa kazi hii. Namba ya kiuno haisomwi kwa sauti. Unageuza futi upande wako, unasoma kwa macho, unaandika, unampa mteja tabasamu. Nimefanya hivyo kwa watu wengi na hakuna aliyedhurika, nadhani. Kwa Kaka nilikwenda mbali zaidi. Kwenye daftari langu ukurasa wake unaishia inchi thelathini na nane. Baada ya hapo niliogopa hata kuandika, nikawa naongeza kwa kukisia.

Kwa nini? Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeacha masomo akaingia kwenye mashimo ya lifti ili mimi na wewe tukae darasani. Nilijiona sina mdomo wa kumwambia mtu kama huyo kwamba ana tumbo. Niliona namtunzia heshima.

Halafu daktari akauliza habari za pombe. Kaka akasema mbili tatu. Nilitaka kukohoa. Siku ya kawaida ni tano, na Jumamosi hakuna anayehesabu. Yeye anaamini bia ni maji, inaingia na kutoka. Tena eti kwa kulinda mwili hali chakula cha jioni! Anajisifu kwa hilo kabisa: "Mimi jioni sigusi chakula." Kweli haketi mezani. Lakini pale baa anashushia nyama ya kukaanga na sahani ya viazi, na kwa kuwa anakula amesimama, kwake hicho si chakula.

Daktari akamweleza taratibu. Pombe yenyewe ina nguvu kama chakula, kila chupa inahesabika. Mwili ukiipata unashughulika nayo kwanza, vingine ulivyokula unavihifadhi kama mafuta. Na juu ya hapo inafungua njaa. Akaongeza kuwa hata vinywaji vya sukari ni hivyohivyo, na akanitazama mimi. Nilikuwa na chupa ya soda kwenye mkoba, nikaisukuma chini kwa kiwiko. Usicheke. Gauni langu la bluu nalo nimeliachia mara mbili.

Akampa wiki mbili. Arudi Alhamisi hii na hesabu ya kweli ya chupa, na akumbuke vizuri uzito ulivyokwenda, ndipo daktari ajue aanzie wapi. Akamwonya pia asikate pombe ghafla peke yake bila kumwambia, maana anayekunywa kila siku mwili unaweza kumgeuka. Kazini nako wameshasema, asipopata cheti cha daktari watamweka ofisini kupokea simu. Kaka akikaa mezani kupokea simu atakufa kwa unyonge kabla ya hilo ini.

Kwa hiyo Ijumaa nikapiga moyo konde, nikaenda kwake. Nikamwambia yote, mbele ya Wifi. Nilidhani atafoka. Hakufoka. Alivua mkanda, akageuza kiuno cha suruali nje, akaviona vile vipande, kimoja hakikufanana hata rangi. Akavigusagusa. Akamuuliza Wifi kama na yeye alijua. Wifi akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Kaka akasema, "Kumbe nyumba nzima mnanivisha kama mtoto." Akatoka. Alikokwenda hatukuuliza.

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Wifi anasema anaamka, anakwenda kazini, anarudi amechelewa, halali vizuri. Alhamisi ni keshokutwa. Sijui kama atakwenda, na akienda sijui atasema mbili tatu tena. Kila mlango ukilia naruka. Leo nimeshona mkono wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, miaka ishirini sijafanya kosa hilo.

Ombi langu ni hili. Wewe anakusikiliza, hata ukisema upuuzi. Mpigie kabla ya Alhamisi. Usimhubirie, muulize tu anavyopumua. Na zile chupa za bei mbaya unazomletea kila likizo, zilizofungwa kwenye sanduku lake zuri, safari ijayo ziache hukohuko. Najua unaleta kwa mapenzi. Hata mimi niliachia suruali kwa mapenzi. Wala usiniambie na wewe unakunywa mbili tatu, kwa sababu nakusikia Jumapili kwenye simu unavyocheka.

Niliishia hapo kuandika. Kaka amekuja.

Acha nikuandikie wakati bado nakumbuka. Nilikuwa na mteja, mama mmoja muuza magazeti, amekaa anangoja gauni lake la mikono iliyogeuka. Kaka akasimama mlangoni na nguo za kazi, akahema kwanza, kisha akasema, "Nipime. Na usome kwa sauti." Nikamwambia angoje mteja aondoke. Akasema hapana, hapahapa. Yule mama akageukia ukuta, Mungu ambariki.

Akainua mikono. Nikamwona anavuta tumbo ndani, kisha akaliachia lenyewe. Nikazungusha futi. Ilinibidi nimkumbatie hasa ndipo nikaifikia ncha ya upande wa pili. Nikasoma. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akauliza kama ni inchi au sentimita. Yule mama pale ukutani mabega yakamcheza, na mimi nikacheka, na Kaka naye akacheka kidogo, halafu akakaa kwenye kigoda na kufunika uso kwa viganja. Sijawahi kumwona hivyo tangu tumzike Baba. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Alinishika kichwa tu.

Baadaye akasema, bila mtu kumuuliza, "Tano. Jumamosi nane, tisa." Akasema Alhamisi twende pamoja, na daktari akinigeukia safari hii nijibu. Akaiona barua mezani, akauliza kama ni yako. Akasema, "Mwandikie namba. Usiipunguze."

Ameondoka sasa hivi. Nimejizuia kwenda mlangoni kuangalia kama amekata kushoto kwenda kwake au kulia kwenda kulekule baa. Nimekaa, nimeushika ukingo wa meza.

Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Wifi Mwalimu anakusalimu. Nisalimie mkeo, na uwabusu watoto wote kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awatunze na awape usingizi mzuri, na Alhamisi atusimamie.

Namba ni inchi arobaini na sita na nusu.

Akupendaye kwa dhati,
Dada yako, Dada Futi.