Kura ya Mama

Jumapili, 21 Desemba 1997
Nimefungua duka. Saruji haiuziki, mvua haikomi. Kampeni tu. Udiwani tunaugombea wawili: mimi na Bi Saumu, muuguzi mstaafu wa hapa Msambweni. Mwanamke. Sikuwa namhofu. Leo namhofu kidogo. Wanawake kisimani walinyamaza ghafla nilipopita. Walikuwa wakizungumza nini?

Jumatano, 24 Desemba
Mkutano uwanjani. Nilisema akili ya mwanamke haitoshi kuongoza watu, mwisho wake jikoni. Walicheka sana. Wanaume. Mke wangu Mwanajuma aliondoka kabla sijamaliza. Eti kichwa kilimuuma. Siamini.

Ijumaa, 26 Desemba
Nimemwona Mwanajuma akitoka kwa Bi Saumu, kajifunika leso. Anasema alifuata dawa ya Mama. Mama haumwi.

Kura ya mke wangu ni siri yake. Nalala naye chumba kimoja na sijui atanifanyia nini. Hilo laniudhi kuliko yote.

Ya Mama naijua. Hajui kusoma. Msimamizi wa kituo humtilia alama ya kura mbele ya mawakala wa wagombea, naye sharti ataje jina kwa mdomo. Wakala wangu ni binamu yangu Bakari. Atasikia.

Jumapili, 28 Desemba
Kesho ndiyo kesho. Baada ya chakula Mama alisimulia ujana wake Mombasa, Mji wa Kale. Enzi za Mwingereza, wanaume wa Kiarabu walipewa kura, wake zao wakanyimwa. Wanawake wakaiandikia serikali kudai haki yao. Mama alitia dole gumba. Baadaye wakapewa.

Mwanajuma alisikiliza kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kwa nini hadithi hiyo, na kwa nini leo? Nani kamtuma?

Jumatatu, 29 Desemba
Mvua. Foleni ndefu. Karatasi zilichelewa.

Bakari alinivuta nyuma ya duka. Aliapa kutunza siri za kituo, lakini damu ni damu. Hakunitazama usoni. Mama alimtaja Bi Saumu. Kwa sauti, hata wa mlangoni wakasikia.

Nilikwenda moja kwa moja kwake. Sikumwamkia.

“Mama, umenifanyia nini?”

Alikuwa akichagua mchele. “Ulisema akili yangu haitoshi, mwanangu. Nilikuwa nimekaa pale mbele.”

“Mimi si mwanao?”

“Wewe ni wangu. Na kura ni yangu. Ningependa usijue, lakini mimi sheria yataka niseme kwa mdomo.”

Akaendelea na mchele wake.

Nina hasira. Nina haya zaidi.

Alhamisi, 1 Januari 1998
Nimeshindwa. Bi Saumu ndiye diwani. Sikufungua duka. Nilikaa dirishani. Kila mwanamke aliyepita, nilijiuliza. Na huyu? Na yule?

Ijumaa, 2 Januari
Asubuhi nilimpa Mama shikamoo. Marahaba, akasema, kama siku zote.

Mwezi Mtukufu. Magharibi tulifuturu pamoja, sisi watatu. Muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga. Mvua imepungua. Mwanajuma alinisogezea tende. Kidole chake bado kina wino.

Swali lilinijia mdomoni. Nikala tende.