Vigelegele juu ya kanda ya Salum

Darsait, Alkhamisi

Na kumbe mume wangu Salum hata hakukasirika! Mchana kutwa nilikuwa na khofu, maana kanda niliyoiziba matundu ya juu kwa karatasi, ili ikubali kurikodiwa tena, nikatia nyimbo za harusi yetu ilikuwa ile yake ya rapu ya wahuni wa Marekani. Salum anayo tangu skuli. Ndiyo iliyomfunza kutunga mashairi yake ya Kiswahili, kwani anasema yule mghani wa kwenye kanda hakuona haya kuusimulia mtaa wake.

"Upande wa kwanza wote nimeufuta," nikamwambia, machozi yananilenga.

Akaiweka kwenye redio. Zikaja ngoma, vigelegele, na sauti ya mama yangu ikiwashinda wote. Nikajua leo nimekwisha.

Mara Salum akaanza kugonga meza na kughani juu ya sauti ya mama: gereji za mtaa wetu wa Darsait, nguo zetu kwenye kamba, na bibi harusi mwenye mkono mwepesi wa kufuta!

"Upande wa pili usiuguse, habibti," akasema. "Huu wa kwanza sasa ndio wangu khasa."

Ya Rabi, nampenda mume huyu!

Wasiwasi wangu ni mama tu, anayeuita muziki wa rapu makelele ya wavuta bangi. Lakini sauti ni yake mwenyewe, ataikataaje? Kabla mwezi haujesha tutakwenda kwake Hail, na kanda ntaitia mkobani mwangu mwenyewe, ili Salum aghani juu yake mbele ya mama.